Klipu juu ya klipu: kupanga matabaka ya video kwenye kompyuta ya nyumbani

Kwenye kwanjula, yaani sherehe ya Kiganda ya kumtambulisha bwana harusi kwa familia ya bibi harusi, mambo hutokea pande mbili kwa wakati mmoja. Huku msemaji wa wageni anajieleza, kule msemaji wa wenyeji anatafuta kosa la kuwatoza faini, na katikati ssenga, shangazi wa bibi harusi, anapita kwenye viti akimtafuta bwana harusi. Ukihariri kwa kufuatanisha klipu moja baada ya nyingine, kila mara kuna kitu unakipoteza: ukimwonyesha anayesema, uso wa anayesikiliza umekwenda, na mara nyingi uso huo ndio wenye utamu wote. Dawa yake ni matabaka, yaani klipu mbili, tatu au zaidi zinazoonekana pamoja kwenye skrini moja.

Ninawaandikia wanaohariri nyumbani, awe Kampala, Mbale, Arua au Busia, kwa kompyuta ya kawaida isiyo na kadi ya picha ya bei kubwa. Mifano nimeitoa kwenye programu ya kuhariri video ya Kdenlive, kwa sababu ni ya bure, inafanya kazi kwenye Windows na Linux, na inaivumilia kompyuta dhaifu ukijua namna ya kuibembeleza. DaVinci Resolve nayo ina toleo la bure lenye uwezo mkubwa, ila inadai mashine yenye nguvu. CapCut ya simu inatosha kwa matabaka mawili au matatu mafupi. Majina ya vitufe yanatofautiana kutoka programu moja hadi nyingine, lakini kazi ni ile ile.

Kanuni inayobeba kazi yote

Katika programu hizi za kompyuta, video hupangwa kwenye traki zilizo juu ya nyingine: V1 chini, V2 juu yake, V3 juu zaidi. Traki ya juu hufunika ya chini. Ukitandika mkeka juu ya mkeka, unaouona ni wa juu. Ndiyo maana anayeanza huweka klipu ya pili kwenye V2, akashangaa kwamba ya kwanza imetoweka. Haijatoweka, imefunikwa.

Basi ufundi wote ni kufungua nafasi kwenye tabaka la juu ili la chini lionekane, na njia kuu za kufanya hivyo ni nne: kulipunguza ukubwa, kulikata kingo, kulififisha, au kuondoa rangi fulani ndani yake. Madoido mengi unayoyaona kwenye televisheni ni mchanganyiko wa hizo nne. Kabla hujaburuta klipu kwenda V2, amua ni sehemu gani ya picha ya chini utaiacha wazi, na kwa nini mtazamaji aione. Kama huna jibu, klipu hiyo haihitaji kuwa juu ya nyingine. Iweke mbele au nyuma yake kwenye traki ile ile.

Kazi inaanzia kwenye kamera

Nusu ya ubora wa matabaka huamuliwa kabla hujawasha kompyuta. Wapiga picha watakaochangia video moja wakubaliane mambo matatu.

La kwanza ni kasi ya fremu, yaani idadi ya picha kwa kila sekunde. Simu zote zirekodi kwa fremu 25 kwa sekunde, au zote kwa 30. Zisichanganywe. Kama sherehe iko ukumbini chini ya taa za umeme, weka kasi ya shata, yaani muda ambao kamera hupokea mwanga kwa kila fremu, kuwa 1/50 au 1/100 ya sekunde ikiwa simu inaruhusu. Umeme wetu una mawimbi 50 kwa sekunde, hivyo taa nyingi humeta mara 100 kwa sekunde bila jicho kugundua. Kamera yenye shata ya 1/60 inagundua, na picha inapigwa na mistari inayotembea. Kwenye klipu moja mistari hiyo inaudhi, lakini klipu mbili zikikaa kando kwa kando, moja inameta na nyingine imetulia, hazitazamiki.

La pili ni kufunga mwangaza na fokasi. Kwenye simu nyingi unabonyeza skrini na kushikilia kidole mpaka alama ya kufuli itokee. Usipofunga, mgeni aliyevaa kanzu nyeupe akipita mbele ya kamera, picha nzima inakuwa giza, na tabaka lako linabadilika rangi ghafla huku jirani yake akiwa vile vile.

La tatu, ambalo wengi hawalifikirii kabisa, ni upande ambao watu wanatazama. Chora akilini mstari kati ya hema la wenyeji na hema la wageni. Kamera zote zikae upande mmoja wa mstari huo. Ukifanya hivyo, wenyeji watakuwa wakitazama kulia kwenye picha na wageni kushoto, na utakapowaweka kando kwa kando watatazamana. Kamera moja ikivuka mstari, pande zote mbili zitatazama kulia, na itaonekana kama wageni wamewageuzia wenyeji mgongo. Kugeuza picha kwa programu kunarekebisha macho, lakini maandishi ya mabango yatasomeka kinyumenyume na saa itahamia mkono wa kulia. Ni rahisi zaidi kumwomba mwenzako ahame mapema.

Kisha, simu zote zikiwa zinarekodi, mtu mmoja asimame katikati apige kofi moja kubwa juu ya kichwa. Kofi hilo utalihitaji.

Kuandaa mafaili

Tengeneza folda moja ya kazi, ndani yake folda ya kila kamera, na nakili kila kitu humo kabla ya kufungua programu. Usihariri moja kwa moja kutoka kwenye flashi au kadi ya simu. Ukiichomoa, programu itapoteza njia ya mafaili, na flashi nyingi hazina kasi ya kulisha klipu tatu kwa pamoja. Hesabu nafasi pia: simu inayorekodi megabiti 17 kwa sekunde hujaza takribani GB 7.6 kwa saa. Kamera tatu kwa saa nne ni zaidi ya GB 90.

Simu nyingi hazishiki kasi ya fremu sawasawa. Faili linasema 30, lakini ndani kasi inapanda na kushuka kadiri mwanga unavyobadilika. Matokeo yake ni midomo kwenda upande wake na sauti upande wake kadiri klipu inavyokuwa ndefu. Matoleo mapya ya Kdenlive hukuonya unapoingiza faili la namna hiyo na kujitolea kulibadilisha. Kubali. Kama toleo lako halionyi, pitisha mafaili kwenye HandBrake, programu nyingine ya bure, na uchague kasi ya fremu isiyobadilika.

Baada ya hapo washa nakala nyepesi, zinazoitwa proksi, kwenye mipangilio ya mradi. Kompyuta itatengeneza nakala ndogo ya kila klipu, wewe utahariri kwa hizo, na wakati wa kurenda, yaani kutoa video iliyokamilika, itarudi kwenye mafaili halisi. Kwa mashine yenye RAM ya GB 4 au 8, hatua hii ndiyo inayoamua kama utafanya kazi au utakaa ukingoja skrini. Matabaka manne ya HD yakicheza pamoja ni kazi mara nne kwa prosesa, na hakuna ujanja mwingine unaopunguza mzigo huo kiasi hiki.

Kulinganisha wakati

Weka klipu ya kamera yenye sauti bora kwenye V1. Za kamera nyingine ziweke V2 na V3. Bonyeza kulia kwenye klipu ya V1 na uifanye kuwa rejea ya sauti, kisha kwenye nyingine chagua amri ya kulinganisha sauti na rejea hiyo. Programu itasikiliza, itatafuta mahali panapofanana na kusogeza klipu yenyewe. Ikishindwa kwa sababu ya kelele za spika, kuza mstari wa muda, tafuta kofi kwenye mawimbi ya sauti, na usogeze kwa mkono mpaka vilele viwe kwenye fremu moja.

Kuna jambo dogo hapa ambalo huwasumbua hata wazoefu. Sauti husafiri takribani mita 340 kwa sekunde, yaani kama mita 14 kwa kila fremu ukirekodi kwa 25. Kamera iliyo mita 28 kutoka kwa mpiga kofi inasikia kofi fremu mbili baada ya kuliona. Ukiilinganisha kwa sauti, picha yake itatangulia fremu mbili. Izime sauti na uisogeze kulia fremu mbili. Kwa hotuba huenda usione tofauti, ila kwa ngoma na makofi utaiona mara moja.

Dirisha dogo ndani ya picha kubwa

Hili ndilo tabaka rahisi na lenye faida kubwa kuliko yote. Picha kubwa ni msemaji, dirisha dogo ni mama wa bibi harusi anayemsikiliza.

Chagua klipu ya V2 na uipe efekti inayoitwa "Transform". Kama mradi wako ni wa pikseli 1920 kwa 1080, punguza klipu hiyo mpaka asilimia 30, itakuwa 576 kwa 324. Isogeze kwenye kona ya juu upande ambao msemaji hatazami, na uiachie pikseli 60 hivi kutoka kila ukingo, kwa sababu televisheni nyingine hukata kingo za picha. Kona za chini ziachie maandishi. Dirisha lisifunike mikono ya msemaji. Wasemaji wetu huzungumza kwa mikono kama wanavyozungumza kwa kinywa.

Lipe dirisha fremu nyembamba nyeupe ya pikseli 3 au 4. Bila fremu, macho hayajui picha moja inaishia wapi na nyingine inaanzia wapi, hasa pande zote mbili zikiwa na hema jeupe.

Ili dirisha liingie taratibu, tumia alama za mwendo, zile almasi ndogo zilizo chini ya efekti. Weka alama ya kwanza dirisha likiwa nje ya skrini, nenda mbele fremu 12, weka alama ya pili likiwa mahali pake. Programu itajaza safari ya katikati. Nusu sekunde inatosha. Dirisha linalozunguka, kuruka na kung'aa humfanya mtazamaji alitazame dirisha badala ya mama aliye ndani yake. Na likimaliza kazi, litoe. Dirisha linalokaa dakika kumi hugeuka pambo, na hakuna anayelitazama tena.

Pande mbili kando kwa kando

Hapa ndipo mstari ule kati ya mahema unapolipa. Kila klipu ina upana wa pikseli 1920 na nafasi yake sasa ni 960. Usiibane ili ienee, watu watakuwa wembamba kama mianzi. Kata pikseli 480 kushoto na 480 kulia kwenye kila klipu, ubaki na katikati. Klipu ya wenyeji isogeze kushoto pikseli 480, ya wageni isogeze kulia 480. Zitakutana katikati ya skrini bila pengo. Kama mtu muhimu hayuko katikati ya klipu, kata zaidi upande mmoja na upunguze mwingine, mradi jumla ibaki 960, kisha rekebisha msogeo.

Tumia pande mbili pale ambapo kauli ya huku inasubiri jibu la kule: faini inatajwa, wageni wananong'onezana, bahasha inatafutwa. Sehemu ya maombi au ya kupokea zawadi haihitaji mgawanyo. Iache picha moja ijae skrini.

Klipu za wima, zile ambazo mashangazi na marafiki wanakutumia baada ya sherehe, usizitupe wala usizizungushie pande zenye ukungu. Tatu zikikaa kando kwa kando hujaza skrini ya mlalo karibu kikamilifu. Punguza kila moja hadi upana wa pikseli 640. Urefu utakuwa 1138, hivyo pikseli 29 zitazidi juu na 29 chini, na hakuna atakayezikosa. Wanawake watatu wa familia moja wenye gomesi, lile vazi refu la kike, kila mmoja kwenye safu yake, ni picha nzuri kuliko ambayo kamera moja ingeipata.

Kufifisha na kuchanganya

Kiwango cha kuonekana cha tabaka hupimwa kwa asilimia. Asilimia 50 humaanisha picha zote mbili zinaonekana nusunusu, na kwa kawaida hiyo ni vurugu tupu, kwa sababu nyuso mbili zilizopandana hazisomeki. Itumie kwa kupita tu, kama sekunde moja ya kuhama kutoka tukio hadi tukio.

Kilicho na manufaa zaidi ni namna za kuchanganya. Namna inayoitwa "Screen" hufanya weusi upotee: video ya cheche au moshi iliyorekodiwa mbele ya giza itakaa juu ya picha yako bila usuli wake, yaani lile giza la nyuma yake. "Multiply" hufanya kinyume chake, weupe hupotea. Kwa hiyo andika majina ya maharusi kwa wino mweusi na mwandiko mzuri kwenye karatasi nyeupe, ipige picha mchana kwenye kivuli chenye mwanga sawa, iweke kwenye V2 na uchague "Multiply". Wino utabaki, karatasi itaondoka. Kichwa cha video kilichoandikwa kwa mkono wa bibi mzaa mama kina thamani kuliko herufi za dhahabu zinazotumiwa na kila mtu mjini.

Kitambaa cha kijani

Isaac Nabwana wa Wakaliga, Kampala, aliyeanzisha Ramon Film Productions, ameijulisha dunia kwamba kitambaa cha kijani uani na kompyuta iliyoungwa kwa vipuri vinatosha kuleta helikopta juu ya paa za mtaani. Huhitaji studio. Unahitaji kitambaa kisichong'aa na mwanga uliosambaa.

Nenda kwenye maduka ya vitambaa, ya Kiyembe jijini Kampala kwa mfano, uchukue pamba ya kijani kikali. Usinunue satini, kwa sababu inarudisha mwanga na kila mng'ao utakuwa doa. Ipige pasi na uivute iwe kama ukuta, maana mkunjo mmoja ni vivuli viwili. Mtu asimame mbali nayo, mita mbili au zaidi, kivuli chake kisiangukie kitambaa na ukijani usimrukie shingoni. Nje, chagua kivuli cha jengo au anga lenye mawingu. Mtu mwenye gomesi ya kijani mrekodi mbele ya kitambaa cha bluu, la sivyo atageuka kichwa kinachoelea.

Kijani hupendwa kwa sababu nusu ya vihisi vya kamera za kawaida husoma rangi hiyo, hivyo habari zake ni nyingi na zina chembechembe chache. Hata hivyo simu nyingi huhifadhi rangi kwa sampuli moja kwa kila pikseli nne, ndiyo maana kingo za nywele hutoka na menomeno. Ukiweza rekodi kwa 4K uhariri kwa 1080, menomeno hupungua sana.

Kwenye programu, fuata mpangilio huu wa efekti, kwa sababu kila efekti hupokea kazi ya iliyotangulia. Kata kwanza kingo zote zisizo na mtu, ili programu isihangaike na pembe zenye giza. Halafu weka "Chroma Key", chukua rangi ya kijani karibu na uso, si pembeni, na uongeze upana wa uchujaji kidogo kidogo mpaka usuli upotee. Ukizidisha, vidole vitaanza kuliwa, basi rudi nyuma. Fuatisha efekti ya kusafisha ukijani uliobaki ngozini. Rekebisha rangi ya mtu ifanane na usuli, na mwisho kabisa tumia "Transform" kumweka mahali pake.

Jambo linalofichua udanganyifu si kingo, ni mwanga. Ukimrekodi mtu kivulini halafu ukamweka kwenye ufukwe wa Entebbe saa sita mchana, jicho litakataa hata kama uchujaji ni safi kabisa. Chagua usuli wenye mwanga unaofanana na ule uliomrekodia, na jua litoke upande ule ule. Ukungu kidogo kwenye usuli husaidia pia, kwani kamera halisi haioni vya mbali vikiwa vikali sawa na vya karibu.

Maandishi na sauti ni matabaka pia

Kwanjula moja inaweza kuwa na Kiganda, Kilugbara na Kiswahili. Weka tafsiri kwenye traki ya juu kabisa ili hakuna dirisha litakaloifunika, mistari isizidi miwili, herufi nyeupe zenye ukingo mweusi. Nembo yako ihifadhi kwa PNG, maana JPEG haiwezi kuwa na sehemu tupu inayoruhusu picha ya chini ionekane, na itakuja na mraba mweupe.

Sauti haifuniki kama picha, inajumlika. Ukiacha sauti za kamera tatu wazi, utapata mwangwi. Zima zote ila moja. Wanaokwenda kwenye vibanda vya video wanajua VJ, yule anayetafsiri filamu kwa sauti, anavyosikika wazi huku filamu ikiendelea chini yake: filamu hushushwa anapoanza kusema na hupandishwa anaponyamaza. Fanya vivyo hivyo kwa muziki chini ya hotuba. Anza kwa kuushusha desibeli 15, kisha sikiliza kwa spika ya simu, kwa sababu huko ndiko wengi watakakoisikia. Wimbo wa mtu mwingine unalindwa na sheria ya hakimiliki ya mwaka 2006, basi omba ruhusa, au tumia sauti ya kikundi kilichopiga siku ile kwa makubaliano nao.

Kurenda na kukabidhi

Hifadhi mradi kila baada ya hatua, umeme haukatiki kwa taarifa. Kabla ya kurenda kitu kizima, renda sekunde 20 za sehemu yenye matabaka mengi na uitazame kwenye televisheni. Makosa ya kingo na maandishi yanayogusa ukingo huonekana hapo, si kwenye kidirisha kidogo cha programu.

Toa faili la MP4 lenye H.264 na sauti ya AAC. Kwa HD, megabiti 8 kwa sekunde zinatosha na zina faida nyingine: saa moja inakuwa GB 3.6. Ukichagua 10 inakuwa GB 4.5, na flashi iliyofomatiwa kwa FAT32 haipokei faili linalozidi GB 4. Ungeweza kuifomati upya kuwa exFAT, ila televisheni nyingine za zamani haziisomi. Kama sherehe ni ndefu, gawa video kwa sehemu: kuwasili, mazungumzo, zawadi, chakula. Kwa jamaa walio mbali, itume kwenye WhatsApp kama hati, si kama video, isibanwe. Kikomo ni GB 2.

Folda ya mradi pamoja na klipu zake iweke kwenye diski ya nje kwa miezi michache. Familia hurudi kuomba jina la mjomba lirekebishwe, na kama matabaka bado yako kila moja kwenye traki yake, hiyo ni kazi ya kubadilisha neno moja na kurenda upya.